Roho Niliyoisikia Goma

Neema, mwanangu,

Umepanda pikipiki kwenda Rugerero kumuaga bibi yako, na mama yako amevuka bariyeri ya mpakani kufuata vitenge vyake Goma, ingawa nilimwambia biashara ingesubiri hadi wewe uondoke kesho. Amekataa. Nadhani hataki kushinda nyumbani akiutazama mzigo wako pale sebuleni. Mimi nimefunga duka mapema, nimesogeza cherehani kando, na meza ya kukatia nguo ndiyo ninayoandikia. Ukikuta vumbi la chaki kwenye karatasi hii, ujue limetoka hapo.

Habari za sweta, za simu, za nani wa kumtafuta ukifika Ubelgiji, mama yako atakwambia zote, tena mara mbili. Mimi nina jambo moja tu. Ni lile uliloniuliza wiki iliyopita mezani, nikainuka kwenda kunawa mikono ambayo nilikuwa nimeshainawa.

Unakumbuka ilivyokuwa, ila niache niieleze kama nilivyoiona mimi. Mjomba wako Kalume alipiga simu kutoka Goma. Mama yako akaiweka sauti juu, akidhani kaka yake anakutakia safari njema. Mjomba akauliza unakwenda kufanya nini hasa. Ukamweleza kwa upole, kama ulivyotueleza sisi: kwamba kuna wazazi wanaosaidiwa hospitalini kupata mtoto, mbegu zao zinakutanishwa nje ya tumbo, na viinitete vinavyobaki, wengine huridhia vitumike katika utafiti. Kwamba huko maabara mtavitazama katika siku zake za mwanzo kabisa, kujua kwa nini vingine hukua na vingine husimama njiani. Na kwamba baada ya hapo haviendi popote, vinaishia hapo. Hilo la mwisho hukulificha. Mjomba akasema, "Donc, Neema, unaenda kuchezea batoto ba Mungu? We mutoto wa dada yangu?"

Ukanitazama. Najua kwa nini ulinitazama mimi na si mama yako. Kanisa la mama yako linasema uhai ni wa kulindwa tangu mwanzo kabisa, wala haliachi mlango wa pembeni. Mimi umenisikia tangu ukiwa mdogo nikisema tulivyofundishwa madrasa, kwamba malaika huja kupuliza roho mimba ikishatimiza miezi minne. Ulitaka niichukue ile simu nimwambie shemeji yangu, "Kwetu sisi, hapo roho bado." Sentensi fupi, na ingekutosha. Sikuisema.

Simu ilipokatika ukaniambia, "Baba, basi we sema. Ukikatala, mi siende." Mama yako akaweka kijiko chini. Nami nikaenda kunawa.

Tangu siku hiyo umenisalimia vizuri, umeniletea chai, umepita mbele ya duka ukinichungulia. Sikukujibu. Leo nakujibu, lakini itabidi univumilie nianzie mbali, maana kilichonifunga mdomo si kazi yako. Kilitokea kabla hujazaliwa.

Unajua kwamba kabla yako kulikuwa na mimba nyingine. Mama yako alishakudokezea. Usichokijua ni yale niliyoyafanya mimi, na mengine hata yeye hayajui.

Mimi nilizaliwa Tanzania, wazazi wakiwa wakimbizi, nikarudi huku Gisenyi kijana nikiwa na cherehani ya mkono na Kiswahili cha kule. Mama yako ana Kiswahili cha Goma. Mwanzoni tulikuwa tunachekana kutwa. Akiniambia "kunywa mayi", yaani maji, namuuliza mayai yananywewaje. Yeye alisema nikiomba chumvi naomba kama mtangazaji wa redio. Tuliona ni mchezo tu, hatukujua kama kuna siku neno moja litatugharimu.

Tulikuwa na miezi michache ya ndoa. Mama yako alikuwa na kichefuchefu kikali, na mama yake akasema apelekwe kwa daktari mmoja wa Goma mwenye mashine ya ekografi, ile ya kutazamia mimba tumboni. Nikaenda naye. Kilikuwa chumba kidogo, pazia la kijani, na kioo kidogo cha mashine. Daktari alikuwa mcheshi. Akampaka mafuta ya baridi tumboni, akatafuta, akatulia, akasema, "Bon, mama, usiogope. Roho iko. Iko napiga muzuri."

Nikauliza, "Roho?"

"Ee, papa, roho. Angalia hapa."

Ndani ya ule ukungu wa kijivu kulikuwa na kitu kidogo mno kinachometameta.

Neema, kwangu mimi roho ni roho. Kile kinachodunda kifuani nakiita moyo, na siku ile hakuna aliyetaja moyo. Nilimsikia mama yako mara nyingi akisema roho inamuuma, lakini hivyo husema kila mtu akiwa na uchungu, hata kule nilikozaliwa. Na mimba haikuwa hata na miezi mitatu. Kwa hiyo nilitoka mle ndani nikiamini nimeona kwa macho yangu kitu ambacho walimu wangu walisema hakijafika. Hata hilo la "kupiga" halikunizindua. Nilidhani roho inapiga hodi.

Jioni nilikwenda kwa Mwalimu Shabani, aliyekuwa akisalisha msikiti wetu na kufundisha watoto, na mchana akiuza mafuta ya taa. Nikamweleza. Hakuinua hata kichwa, aliendelea kumimina mafuta kwenye chupa ya mteja. "Mashine ya Goma imeona roho?" akasema. "Basi kesho waulize ya marehemu baba yangu iko wapi." Waliokuwepo wakacheka. Nikacheka nao, lakini ilinichoma.

Wiki kadhaa baadaye mama yako akaanza kutokwa damu. Alikuwa kwao Goma siku hiyo, nami nikavuka mbio. Daktari alikuwa yuleyule, ila ucheshi wake haukuwepo. Alitafuta muda mrefu. "Roho haipige tena," akasema. "Pole, mama. Pole, papa."

Mama yako alielewa mara moja. Mimi nilielewa kwamba roho imeondoka. Na kama imeondoka, basi ilikuwepo, na kama ilikuwepo, huyu ni maiti wa kusaliwa. Hivyo ndivyo nilivyoipanga kichwani, na nikaishikilia.

Tulirudi naye nyumbani, na mimba ikatoka. Nilikata kitambaa cheupe. Unanijua, sikati kitu bila kupima. Siku ile sikuweza kupima, nilikata tu. Kisha nikamwacha mama yako kitandani nikaenda kumtaka Mwalimu Shabani aje asalie. Akakataa. Akasema miezi minne haijatimia, nizungushie kitambaa, nizike kwa heshima, hakuna jina wala sala. Nikamwambia roho ilionekana. Akaniambia nisimletee dini ya daktari. Tulipaza sauti mpaka waliokuja adhuhuri wakasimama mlangoni wakitutazama. Nilimwambia muuza mafuta ya taa hana la kumwambia mtu aliyeona kwa macho yake. Nilimwambia hivyo mbele ya wanafunzi wake.

Nikaenda kwa shehe mwingine. Akanijibu yaleyale, kwa upole zaidi. Nikatafuta mwingine tena. Alasiri nilikuwa na hoja nyingi kuliko nilizoondoka nazo asubuhi, nazirudia njia nzima kuja nyumbani. Nikamkuta mama yako amelala ameugeukia ukuta. Jirani ndiye aliyemwogesha, na ndiye aliyefua mashuka. Nikaketi pembeni ya kitanda nikaanza kumsimulia nilivyowabana wale mashehe. Akaniacha niseme hadi mwisho. Kisha akasema bila kugeuka, "Mi sijue kama ilikuwa mutu. Najua mi nilikuwa mama. Ulikuwa wapi?"

Swali hilo sijalijibu hadi leo. Ninalo, na kuna siku nikiwa nashona linanirudia tu.

Nilimzika Rugerero, kwenye shamba la bibi yako. Bibi yako mwenyewe alishika jembe. Nimeandika "nilimzika". Ningeweza kuandika "niliizika", maana mimba nayo ni neno lenye ngeli yake, na nimekaa hapa na kalamu nisijue ipi ni ya haki. Nimeiacha ya kwanza kwa sababu ndiyo iliyotoka yenyewe.

Msikiti wa Mwalimu Shabani nikauhama. Kwa miaka nilikuwa napita mbele yake kwenda kusali msikiti wa mbali, ili anione napita. Ulipozaliwa, nilikuadhinia sikioni mwenyewe, nisimwite. Tukakuita Neema kwa sababu ni jina ambalo wa kwa mama yako na wa kwangu wote walilikubali, na tulikuwa tumechoka kubishana.

Sasa hapa ndipo unapoingia wewe, na wala hukumbuki. Ulikuwa umeanza shule majuzi. Ulikuja ukikimbia kutoka barabarani, begi linaruka mgongoni, ukaushika mkono wangu ukauweka kifuani kwako. "Baba, sikia! Roho iko napiga!"

Nikacheka. Nikakurekebisha kama kawaida yangu. "Roho haipigi, mama. Unaodunda ni moyo."

"Mama anasema roho."

Nikamwita mama yako. Alikuwa jikoni anamenya ndizi. Nikamuuliza, hiki kinachodunda kifuani kwa mtoto, kwenu mnakiitaje? Akanishangaa. "Roho. Kwani moyo na roho si kitu moya?"

Wewe ulishakimbilia kunywa maji. Mimi nilibaki nimekaa. Mbele yangu kulikuwa na koti la mteja ambalo lilitakiwa siku hiyohiyo, na halikuisha. Yule daktari hakusema ameona roho. Aliniambia moyo unapiga, kisha akaniambia moyo umesimama, kama daktari yeyote anavyosema. Yale mengine yote niliyajenga mwenyewe: ugomvi, hoja, matusi, miaka ya kupita mbele ya msikiti wa watu nimekaza shingo. Niliona aibu, Neema. Niliona aibu mpaka sikula.

Mwalimu Shabani alikuwa ameshazeeka, amehamia Kanzenze kulima viazi. Nikamfuata huko. Nilimkuta shambani, amevaa mabuti, nikamweleza kila kitu nikiwa nimesimama katikati ya matuta. Alicheka akalishika jembe asianguke. "Miaka yote hii umeninunia kwa sababu ya moyo?" Kisha kicheko kikamwishia. Akakaa chini. Akaniambia hukumu aliyonipa angenipa tena hata leo, maana hakuitunga yeye. "Ila sala ndiyo sikuruhusiwa," akasema. "Kuja kukaa nanyi hakuna aliyenikataza. Ningekuja nikakaa. Nilikasirika kuitwa muuza mafuta, na kweli nilikuwa nauza mafuta."

Nikamuuliza, basi kabla ya miezi minne ni nini, kama si mtu? Akajibu kwamba wanazuoni wenyewe hawakuafikiana: wengine wanakataza isiguswe tangu mwanzo, wengine wanalegeza panapokuwa na haja kubwa. Akasema roho ni jambo ambalo Mola amelibakisha kwake, sisi tumeonjeshwa kidogo tu. "Lakini kitu kilicho njiani kuja kuwa mtu," akasema, "hukikanyagi na viatu ukapita." Akanijazia ndoo ya viazi, nikarudi nayo Gisenyi nimeipakata kwenye pikipiki.

Hilo la moyo sikuwahi kumwambia mama yako. Ukitaka, umwambie wewe. Ama nitamwambia mimi ukishaondoka, tutakuwa na muda.

Sasa unaona kwa nini sikuishika ile simu. Nilishaitumia roho mara moja kumshinda mtu. Ningeitumia mara ya pili, safari hii kwa upande mwingine, na ningekuwa na maandiko yangu safi kabisa, na mjomba wako angenyamaza. Ungeondoka umeshinda mabishano, na mimi najua mabishano ya namna hiyo yanamwacha nani kitandani.

Halafu usimchukie mjomba wako. Siku ile ya damu ndiye aliyembeba dada yake mgongoni kutoka kwa daktari hadi bariyeri, kijana mdogo tu, shati limelowa lote. Akisema batoto ba Mungu, anajua anamsema nani. Mpigie kesho kabla hujapanda basi la Kigali.

Mama yako naye hukumwelewa. Siku ulipotueleza kwamba mnatafuta kwa nini vingine husimama njiani, aliingia jikoni, ukadhani amechukia. Nilimfuata. Alikuwa analia amejishika kwenye meza. Akaniambia, "Bakipata sababu, bamama bengine batalala muzuri." Jumapili yake akaenda kuungama kwa padri. Aliungama nini, sikumuuliza, na wewe usimuulize.

Kuna kitu kimoja ulichosema ambacho kimenikaa vibaya. Nilikuuliza, huko maabara mnaviitaje? Ukasema, "Baba, ziko na namba tu." Najua namba lazima iwepo, hata mimi nguo za wateja nazitia namba, la sivyo suruali ya mtu ingekwenda kwa mwingine. Lakini namba yangu ina mtu atakayekuja kuichukua nguo yake. Na hizo zenu zina watu. Kila moja nyuma yake kuna mke na mume waliokaa kwenye chumba fulani wakikitazama kioo, wakamsikiliza daktari anasema nini. Wameridhia, sawa. Kuridhia kwao usikuone kwepesi.

Mama yako ana bahati na Kiswahili chake. Yeye husema "iko" na imetosha: mtu iko, kitu iko, Mungu mwenyewe iko. Changu mimi hakiniachi nipite. Kinanitaka niseme kwanza ni yeye au ni hicho, ndipo kiniruhusu kuendelea na sentensi. Nimejaribu jibu lako mara nyingi wiki hii nikiwa kwenye cherehani, na kila mara nafika hapo nakwama. Wewe una vyote viwili, umevinyonya vyote. Sitaki kukuchagulia. Nataka tu ujue kwamba ukiwa na wenzako huko, kila mtu atakuwa na neno lake, uhai, roho, mtu, na atalisema kana kwamba dunia nzima inalielewa hivyo. Muulize ana maana gani. Muulize mapema, usingoje miaka kama mimi.

Haya, jibu lako.

Uliniuliza kama uende. Nenda, mwanangu. Hilo ni langu kulitoa kwa kuwa mimi ni baba yako, na nalitoa kwa moyo mweupe. Nimekuona ulivyosoma kwa taa ya simu umeme ukikatika, na nimekuona ulivyomweleza mjomba wako ukweli wote hata ule unaokuumiza. Mtu wa namna hiyo ndiye ningetaka awepo kwenye kile chumba. Akikosekana yeye, atakuwepo mwingine asiyejiuliza chochote.

Lakini ndani ya swali lako mlikuwa na swali la pili. Ulitaka niseme si dhambi, ili siku ukikosa usingizi useme, baba alisema. Hilo sikupi. Sikunyimi, Neema. Sina. Padri wa mama yako ana la kwake na mashehe wangu wana la kwao, wamelisoma na wamelitolea jasho, uwasikilize. Mimi ni fundi nguo niliyewahi kuapa kwamba nimeona roho. Ukifika ukaona mikono yako haiwezi, iache kazi, rudi hapa nyumbani Nengo, na hakuna atakayekuuliza kwa nini. Ukiona inaweza, endelea, na unisimulie bila kunificha, hata nikikunja uso.

Na usiondoke ukidhani nilikukasirikia wiki hii yote. Nimekwisha kuwa na uhakika mara moja maishani, na mama yako ndiye aliyelipa. Ulipokaa pale mezani ukasema nikikataa huendi, nilikuona usoni kwamba kweli hungekwenda. Ningesema neno lolote, ungelichukua ukaliishi. Sikunyamaza kwa sababu kazi yako inanitisha. Nilinyamaza kwa kuogopa kwamba utanitii.

Baba yako